Bahasha Iliyowekwa Mezani

Mshenga alisimama na bahasha ya mahari, akanyoosha mkono wa kulia, halafu akasita.

Mbele yake alikaa baba mkubwa, blanketi limefunika magoti, maana Mafinga ya mwezi wa saba haina huruma. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani. Umelala hivyo tangu kiharusi kilipompata. Mkono aliounyoosha kupokea ulikuwa wa kushoto, kiganja kimeelekea juu, na macho yake hayakumwacha mshenga.

Mshenga alikitazama kile kiganja. Akawatazama wazee waliokaa ukutani. Kisha akainama kwa adabu zote, akaiweka bahasha mezani, kando ya sahani ya karanga.

Hakuna aliyesema neno.

Baba mkubwa alifungua mdomo. Ilitoka sauti, lakini si neno, akaufumba tena. Mjomba akaivuta bahasha, akahesabu, na kikao kikasonga: mkaja wa mama, blanketi la bibi, ng'ombe ambao siku hizi tunawalipa kwa fedha. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Niliwamiminia wageni mmoja mmoja, kikombe mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, goti limegusa sakafu. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nitakavyowalea wangu.

Sherehe ya mdogo wangu inaandaliwa vizuri, hakuna aliyegombana na mtu. Lakini ile bahasha mezani imenikaa kooni kwa wiki nyingi.

Mshenga si mtu mbaya. Kwetu, kumwekea mzee kitu katika mkono wa kushoto ni dharau, na kumnyima kilicho chake ni dharau pia. Alibanwa kati ya hizo mbili, akachagua meza. Meza haina kulia wala kushoto.

Meza pia haina ubaba.

Kidole gumba tumboni

Nilianza na swali la kitoto: mkono wa kulia tunafundishwa, au tunakuja nao duniani?

Ukinikumbusha utoto wetu nitakuambia tunafundishwa. Mtoto akinyoosha kushoto kupokea ndizi, ndizi inarudishwa nyuma. "Mkono ule mwingine!" Anabadilisha, anapewa. Tumefanyiwa hivyo wote, na wengi tunaosoma hapa tumewafanyia wadogo zetu.

Lakini mwili unatangulia. Peter Hepper na wenzake wa Queen's University, Belfast, waliwatazama watoto wakiwa bado tumboni kwa picha za ultrasaundi, wakaona wengi wao wananyonya kidole gumba cha kulia. Mwaka 2005 walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 75 kati ya hao walipokuwa wamekua. Wale 60 walionyonya kidole cha kulia tumboni, wote 60 walikuwa wanatumia mkono wa kulia. Wale 15 walionyonya cha kushoto, 10 walikuwa mashoto na 5 walikuwa wamehamia kulia.

Hakuna mama aliyekuwa ameshawaambia kitu.

Ukiwakusanya wanadamu wa kila bara, takriban mmoja kati ya kumi ni mashoto, na tisa ni kama mimi. Urithi wa damu umo, ila haufuati mstari ulionyooka: mashoto walio wengi wamezaliwa na wazazi wanaotumia kulia, na hata mapacha wa kufanana, takriban jozi moja kati ya tano, mmoja anakuwa wa kulia na mwenzake wa kushoto. Malezi nayo yana nguvu yake. Uingereza, miongoni mwa waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, walioonekana kuwa mashoto walikuwa kama 3 katika 100. Shule zilipoacha kuwalazimisha watoto, idadi ilipanda ikapita 10. Kwa sehemu kubwa walikuwepo tangu mwanzo, ila walikuwa wamefichwa nyuma ya kalamu.

Jino la Olduvai

Kuna taya la juu la mtu wa kale lililochimbwa Olduvai, ambalo wataalamu wanaliita OH 65. Umri wake ni takriban miaka milioni 1.8. Mwaka 2016 David Frayer na wenzake waliandika kuhusu mikwaruzo iliyo kwenye meno yake ya mbele. Huyo aliyekuwa mwenye meno alikuwa anang'ata nyama kwa meno, anaivuta kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anaikata kwa jiwe lenye makali. Jiwe likiteleza, linakwaruza jino. Mikwaruzo mingi inalala upande unaotokea pale jiwe likishikwa mkono wa kulia.

Nilisoma hayo nikiwa kwenye basi, tukipita Isimila, pale kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya, mahali ambapo mashoka ya mawe ya watu wa kale yamelala kwenye mchanga wa korongo. Nimewahi kushika moja. Lina uzito wa jembe dogo, na vidole vyangu vya kulia vilijua pa kukaa bila kuuliza.

Kwa hiyo mkono wa kulia ni wa zamani sana. Ni wa zamani kuliko mahari, kuliko salamu, kuliko kabila lolote ninaloweza kulitaja.

Hilo lilinifariji kwa muda mfupi, kisha likanisumbua. Kama mwili wenyewe umechagua, basi mshenga alikuwa sahihi?

Upande uliobeba maneno

Jibu lilianza kunijia nilipokumbuka karatasi moja.

Baba mkubwa alipolazwa Iringa, daktari alituchorea ubongo kwa kalamu ya bluu, duara limegawanywa katikati. Nusu ya kushoto, alituambia, ndiyo inayoendesha mkono na mguu wa kulia. Damu ilizibwa huko. Halafu akachora alama nyingine karibu na ile ya kwanza: hapa, kwa watu wengi, ndipo maneno yanapotengenezwa.

Karibu watu 95 kati ya kila 100 wanaotumia mkono wa kulia hutegemea zaidi nusu ya kushoto ya ubongo kwa lugha. Kwa mashoto ni kama 70. Mfaransa mmoja, Paul Broca, ndiye aliyelifanya jambo hilo lijulikane. Mwaka 1861, huko Paris, alikuwa na mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya silabi moja, ingawa alikuwa anaelewa alichoambiwa. Alipofariki, Broca aliukuta ubongo wake umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele.

Ndiyo maana kwetu, na kwingineko, unamwona mzee aliyepooza mkono wa kulia akiwa pia amekwama maneno. Pigo limeangukia majirani wawili.

Nilikuwa nimeyaelewa hayo hospitalini kama habari za ugonjwa. Sikuwa nimeyaweka pamoja na ile siku ya posa. Baba mkubwa anaelewa kila kitu. Ukikosea hesabu ya magunia anakunja uso. Alielewa kwa nini mshenga amesita, alielewa wazee wanafikiri nini, na alikuwa na jibu. Jibu lilikuwa fupi: huu ndio mkono nilio nao. Lakini ugonjwa ulioondoa mkono ndio huohuo ulioondoa njia ya kulisema.

Akabaki na kiganja kilicho wazi, na kiganja ndicho kilichokuwa kinasema.

Na sisi tuliokuwa na midomo mizima tulitazama karanga.

Kazi ya mkono wa kulia

Baba mkubwa alikuwa mgema. Namsema "alikuwa" kwa tabia tu, nitaieleza baadaye.

Kwa ambao hamjawahi kukaa huku msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi: chipukizi la mwanzi linakatwa ncha, linainamishwa, linafungiwa mbeta ya kukingia, halafu kila asubuhi na kila jioni mgema anarudi kuparaza pale palipokatwa, kipande chembamba sana, ili maji yaendelee kutoka. Akikata kinene anamaliza chipukizi kabla ya msimu kwisha. Akiparaza kidogo mno, jeraha linajifunga. Watu walitoka mbali kufuata mtogwa wake, ule ulanzi mtamu wa siku hiyohiyo ambao hata watoto wanapewa.

Nilikuwa namfuata nikiwa mdogo. Nikiukumbuka sasa ule mwendo wa mikono yake, naona kitu ambacho zamani sikukiona. Kulia kulishika kisu. Kushoto kulishika chipukizi, kukalikunja, kukalituliza dhidi ya upepo, kukalizungusha kidogo ili kisu kikute mahali panapofaa. Mkono wa kulia ulikuwa na sifa zote, lakini usingekata kitu kama wa kushoto haungeshika.

Baada ya hapo nilianza kuitazama mikono ya watu kila mahali. Mwanamke anayemenya viazi: kushoto kunazungusha, kulia kunamenya. Fundi baiskeli: kushoto kunazuia tairi, kulia kunabana nati. Wachumaji wa chai wa Mufindi ndio walionishangaza zaidi, maana wao wanachuma kwa mikono yote miwili kwa kasi moja, majani mawili na chipukizi, na ukisimama pembeni huwezi kusema yupi wa kulia na yupi wa kushoto.

Kuwa wa kulia, nadhani, si kuwa na mkono mmoja mzuri na mmoja mbaya. Ni mgawanyo wa kazi ambao mwili umeufanya mapema ili usianze kubishana nao kila asubuhi. Mmoja unashikilia, mwingine unafanya lile dogo linalohitaji uangalifu. Faida yake ni kubwa mno. Mkono uliorudia jambo lilelile maelfu ya mara unafika mahali ambapo mawazo yako yanaweza kwenda kwingine. Baba mkubwa aligema huku akipiga hadithi.

Faida ya pili tumejipa wenyewe kwa wingi wetu: vitu vimetengenezwa kwa ajili yetu. Mkasi, kwa mfano. Bapa zake mbili zimepishana kwa namna ambayo vidole vya kulia vikifunga, vinazibana bapa zikagusana. Vidole vya kushoto vikiushika mkasi huohuo vinazisukuma zikaachana, kitambaa kinajikunja katikati, na mstari wa chaki unafichwa na bapa ya juu. Fundi ninayempelekea nguo Iringa mjini ni mashoto. Amekata kwa mkasi wa kulia maisha yake yote ya kazi, kwa kuukunja mkono kidogo na kutazama kutoka upande wa juu. Gurudumu la cherehani yake nalo liko kulia, kama ya kila mtu. "Nimezoea, dada," aliniambia, bila kuacha kukanyaga.

Amezoea. Sisi hatujawahi kulazimika kuzoea chochote.

Heshima imekaa wapi

Vitabu vitakatifu vinaupa mkono wa kulia nafasi yake bila kuficha. Katika Mathayo 25 kondoo wanawekwa kuume na mbuzi kushoto. Yakobo mzee, katika Mwanzo 48, anapishanisha mikono ili wa kulia uangukie kichwa cha Efraimu, mdogo, na Yusufu anachukizwa kwa sababu anajua uzito wa mkono ule. Majirani zetu Waislamu wanafundisha watoto kula kwa kulia, kwa kuufuata mwenendo wa Mtume, na kushoto kunaachiwa kazi za chooni. Hilo la usafi silipuuzi hata kidogo. Mahali ambapo watu wanakula ugali kutoka sahani moja, mkono mmoja uwekwe safi kwa ajili ya wote. Huo ni ustaarabu, na umeokoa matumbo mengi.

Mwaka 1909 Mfaransa kijana, Robert Hertz, aliandika makala kuhusu jambo hili. Alikubali kwamba mwili unatoa tofauti ndogo kati ya mikono, akasema jamii ndizo zinazoikuza tofauti hiyo mpaka inakuwa sheria: kulia kukabebeshwa utakatifu na nguvu, kushoto kukaachiwa uchafu na shari. Aliuawa vitani mwaka 1915, kabla hajafika miaka 35. Mwaka 1966 mwanaanthropolojia Peter Rigby aliandika kuhusu Wagogo, jirani zetu wa upande wa Dodoma, kwamba kulia kulihesabiwa upande wa mume na kushoto upande wa mke.

Hapo nilisimama kusoma kwa muda. Mimi niliyepiga goti na birika, upande wangu ndio huo wa kushoto.

Lakini sikubaliani na Hertz mpaka mwisho, na sababu yangu ni ile birika. Huku Nyanda za Juu Kusini, heshima kamili haitolewi kwa mkono wa kulia peke yake. Mtu anayekupa kitu kwa kulia huku kushoto kunaning'inia amekupa tu. Anayekuheshimu anaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, kwenye kiwiko au kwenye kigasha, au anakukabidhi kwa viganja vyote viwili. Ndivyo tunavyosalimia wakwe, ndivyo tunavyopokea Komunyo, ndivyo mtoto anavyopokea nguo mpya kutoka kwa bibi. Mkono wa kushoto haukufukuzwa kwenye heshima. Umekuwa ndani yake siku zote, chini kidogo, umeushikilia mwenzake.

Sijawahi kusikia mtu akilisema hili kwa sauti. Tunalifanya tu.

Mshenga na shangazi

Nilikutana na mshenga stendi ya Mafinga. Nilimwamkia, akaitika marahaba, na kabla sijajua nianzie wapi akaanza yeye. Alisema usiku ule hakulala vizuri. "Niliogopa kumtukana baba yenu, mwanangu. Ningemwekea kushoto, wazee wangesema watu wa kwetu hawakufundwa."

Nilimwamini. Huyu ni mtu aliyechunga mila mpaka ikamzuia kuona aliyeko mbele yake, na kwangu hilo ni gumu zaidi kulihukumu kuliko dharau. Dharau ningejua la kuifanyia.

Nikampelekea shangazi swali. Shangazi ndiye anayekumbuka taratibu zetu zote, nani anatangulia kuingia, nani anakaa wapi. Nilitegemea aniambie kuna utaratibu wa zamani kwa ajili ya mzee aliyepooza. Hakutaja utaratibu wowote. Aliendelea kupepeta maharage, akaniuliza, "Yeye mshenga ana mikono mingapi?"

Nikamwambia miwili.

"Basi angempa kwa yote miwili. Yule anayetoa ndiye mwenye kuheshimu. Anayepokea anapokea kwa alichobaki nacho."

Nilibaki nimeshika ungo. Kwa wiki zote hizo nilikuwa najiuliza mkono wa baba mkubwa unafaa au haufai. Shangazi aliugeuza ule mzigo akaurudisha kwa wale wenye mikono mizima. Sheria ya mkono wa kulia, kama alivyoiona yeye, inamfunga mwenye uwezo wa kuitimiza. Inampima anayetoa. Haikuwekwa ili kumpima mzee kwenye kiti.

Bado nina shaka moja, na sitaificha. Tukianza kusema mkono wowote unatosha, watoto watasikia "wowote" na wataacha lile lingine lote: kusimama, kumtazama mtu, kuweka simu chini kabla ya kupokea. Najua hilo linaanza kutokea. Kwa hiyo nitaendelea kumrudishia ndizi mtoto wa dada yangu mpaka atumie mikono miwili. Miwili, si wa kulia. Yeye ni mashoto, tumeshaona anavyoshika kijiko, na kalamu atashika kwa huohuo.

Shangazi alimpigia mshenga simu jioni hiyohiyo. Walichozungumza ni chao.

Kwa mhunzi

Nilisema nitaeleza kuhusu "alikuwa".

Tangu mwezi uliopita baba mkubwa ameanza kushika kisu kwa mkono wa kushoto. Alianza na vijiti vya mnyaa, amekaa barazani, mjukuu akimshikia kijiti. Siku za kwanza alikuwa anakata vipande vinene na kuvitupa kwa hasira. Kisha mjukuu akagundua kitu ambacho sisi wote hatukukiona: kisu chenyewe kilikuwa kimenolewa upande mmoja tu wa bapa, kwa ajili ya kulia. Kikishikwa kushoto kinazama ndani ya mti badala ya kuparaza.

Nilikipeleka kwa mhunzi aliye nyuma ya soko, anayefua visu kutoka kwenye springi za magari makuukuu. Alikigeuza mara mbili, akauliza kama mwenye nacho ni mashoto.

Nilimwambia ni mgema.

Hakuuliza tena. Alikipasha moto, akakigonga, akakinoa upya upande wa pili, kisha akakijaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto kwenye kipande cha mwanzi. Mara mbili kilimponyoka. Ya tatu kikatoa ganda jembamba, akacheka, akanitoza shilingi 8,000.

Mvua zikikolea, machipukizi yatakuwa tayari. Mjukuu atashikilia, baba mkubwa atakata. Ameshamwonyesha kwa kidole kichaka cha mianzi cha kuanzia, na amechagua kile cha mtelemkoni, kilicho mbali kabisa na nyumba. Mama mkubwa amekataa. Bado wanabishana.